Habari za Vijana Waliopanda Ngazi za Maskini

Katika kitabu hiki cha jubilei mmesoma habari nyingi za wazee wetu katika imani: jinsi walivyofyatua matofali ya kanisa la kwanza, jinsi makatekista walivyotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, na jinsi masista walivyowauguza wagonjwa. Habari hizo ni njema, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini kila jubilei ina hatari yake. Wajukuu huweza kuketi chini ya mwembe uliopandwa na babu zao, wakala embe, wakausifu mti, wala wasipande mwingine.

Kwa hiyo tumeona vema kuweka hapa kisa cha vijana wachache wa nchi ya Ufaransa. Hao nao walipenda kuyasifu matendo ya kale ya Kanisa, hata siku moja mtu asiyeamini akawauliza swali, nao wakakosa jibu.

Katika mwaka 1831 kijana mmoja, jina lake Frédéric Ozanam, alifika mji wa Paris kusoma sheria. Alizaliwa Milan tarehe 23 Aprili 1813, akalelewa mjini Lyon, na baba yake alikuwa daktari aliyewaangalia maskini bila kutaka malipo. Huko Paris alipata makao katika nyumba ya André-Marie Ampère, yule mtaalamu mkuu wa nguvu za umeme, ambaye jina lake walimu wetu hulitaja hata leo wanapofundisha kipimo cha umeme.

Siku zile Ukristo ulidharauliwa sana mjini Paris. Mwaka 1830 watu walimwondoa mfalme Charles X, na kwa kuwa wengi waliona ya kwamba mapadre walikuwa upande wa mfalme, chuki yao iliwageukia mapadre pia. Mwezi wa Februari 1831 nyumba ya Askofu Mkuu ilivunjwa na kutekwa. Kisha mwaka 1832 ukaja ugonjwa wa kipindupindu, ukaua watu zaidi ya 18,000 katika mji ule mmoja. Waliokufa zaidi ni maskini, maana walikaa wengi katika chumba kimoja, na maji yao yalikuwa machafu.

Ozanam na rafiki zake walikuwa na desturi ya kukutana kwa majadiliano ya historia. Mkutano ule ulitunzwa na Emmanuel Bailly, mtu mzima mwenye gazeti, aliyewapenda wanafunzi kama watoto wake. Walioamini na wasioamini walikaribishwa pamoja, na kila mmoja alisema aliyokuwa nayo moyoni. Vijana Wakristu walijitayarisha sana. Walieleza jinsi Kanisa lilivyowafundisha watu wa Ulaya kusoma na kulima, na jinsi lilivyojenga hospitali na kuwatetea wanyonge. Mara nyingi walishinda kwa maneno.

Hata siku moja kijana mmoja wa upande wa pili akasimama. Hakubisha habari za kale. Alikiri kwamba zamani Ukristo ulifanya mambo makubwa. Lakini aliwauliza, leo je? Ninyi mnaojisifu kwa imani yenu, mwawatendea nini maskini wa mji huu? Yako wapi matendo yatakayotufanya sisi tuamini?

Swali lile likawachoma. Wangaliweza kukasirika, au kutafuta neno la kumnyamazisha aliyeuliza. Lakini Ozanam alitambua ya kwamba mpinzani wao amesema kweli. Basi siku ya tarehe 23 Aprili 1833, ndiyo siku Ozanam alipotimiza miaka 20, walikutana katika ofisi ya gazeti la Bailly. Walikuwa watu saba: Bailly mwenyewe, na wanafunzi sita, yaani Ozanam, Auguste Le Taillandier, Jules Devaux, Paul Lamache, François Lallier na Félix Clavé. Wanafunzi wale wote walikuwa hawajafika miaka 25. Hawakuwa na mali, wala cheo, wala nyumba ya chama.

Husimuliwa ya kwamba Ozanam na Le Taillandier waliona aibu kungoja mipango. Walichukua kuni zao zilizosalia kwa siku za baridi, wakazibeba wao wenyewe mpaka kwa maskini mmoja. Hiyo ndiyo mali ya kwanza ya chama hiki: kuni walizozihitaji wao wenyewe. Wahenga wetu walinena vema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini nia njema bila maarifa huweza kupotea njia. Vijana wale hawakuwajua maskini. Hawakujua nani ana shida kweli, wala waseme nini wakiingia nyumbani mwa mtu. Ndipo Bailly akawatuma kwa Sista Rosalie Rendu, wa Shirika la Mabinti wa Upendo, aliyekuwa amewatumikia watu wa mtaa wa Mouffetard tangu mwaka 1802. Mtaa ule ulikuwa wa maskini kabisa. Sista Rosalie akawapa majina ya jamaa za kutembelea, na vikaratasi ambavyo maskini akivipeleka dukani hupewa mkate. Zaidi ya hayo aliwafundisha wavumilie, wasiwe wepesi kumhukumu maskini, na wamsikilize kwanza kabla ya kumpa shauri. Hivyo chama cha vijana kilipata mama. Twawaomba wazee wa parokia zetu walitafakari jambo hili: Bailly hakuwazuia vijana kwa kuwa hawajui, wala Sista hakuwacheka. Bailly aliwaonyesha mlango, na Sista akawaonyesha njia.

Sasa tueleze kazi yao ilivyokwenda, maana humo ndimo mna faida kwetu. Kwanza, walikwenda wawiliwawili, kama Bwana wetu alivyowatuma wanafunzi wake. Pili, walikwenda nyumbani mwa maskini. Hawakumngoja aje kupiga foleni mlangoni pao. Katika nyumba za Paris zenye orofa nyingi, maskini hukaa juu kabisa chini ya paa, ambako kodi ni ndogo. Kwa hiyo kumtumikia maskini kulikuwa ni kupanda ngazi zenye giza, na mzigo mkononi. Tatu, walikutana kila juma. Walianza kwa sala na somo, kisha kila mmoja alieleza aliyoyaona, wakashauriana. Nne, kabla ya kuachana walichanga fedha, na kila mtu alitoa kwa siri, asijulikane nani ametoa nyingi na nani ametoa senti. Hivyo mwanafunzi fukara hakuona haya mbele ya mwenzake mwenye nacho.

Mwaka 1834 wakamchagua Mtakatifu Vinsenti wa Paulo awe msimamizi wao, na chama kikaitwa kwa jina lake. Chama kikakua upesi, hata mwisho wa mwaka ule wanachama walipita mia. Hapo likatokea jaribu ambalo kila chama chema hulipata. Chumba hakikutosha, na mkutano ukawa mrefu mno. Ozanam akatoa shauri wagawanyike wawe mafungu, kila fungu na mtaa wake. Wengine wakaona uchungu sana, maana walipendana kama ndugu wa tumbo moja, nao waliogopa ya kwamba kugawanyika ni kufa. Wakajadiliana kwa ukali katika mwezi wa Desemba. Lakini mapema mwaka 1835 waligawanyika kwa amani, na mwaka uleule wakaandika kanuni yao.

Kama wangalishikana kwa ajili ya utamu wa urafiki wao, pengine leo tusingalijua habari zao. Kwa kugawanyika walienea. Mwaka 1836 chama kilifika Roma, mwaka 1844 kikafika Ireland na Uingereza, na mwaka 1845 kikavuka bahari mpaka Marekani. Leo kipo katika nchi zipatazo 150, wake kwa waume, na maparokia ya Tanzania, Kenya na Uganda yanacho pia.

Ozanam hakuwa padre wala mtawa. Mwaka 1841 alioa mke, Amélie Soulacroix, wakapata binti mmoja. Mwaka 1844 alipewa kiti cha ualimu katika chuo kikuu cha Sorbonne. Hata alipokuwa mwalimu mkuu hakuacha kupanda ngazi za maskini. Ngazi hizo alizijua kwa uchungu: mwaka 1837 baba yake alikwenda kumwangalia mgonjwa maskini, akaanguka ngazini, akafa. Kijana mwingine angalisema, kazi hii imetutosha. Yeye hakusema hivyo.

Mwaka 1848 watu wa Paris walipigana wao kwa wao njiani, wenye mali na wasio na kazi. Ozanam na rafiki zake walimwendea Askofu Mkuu Affre, wakamwomba aende kuwapatanisha. Askofu alikubali, akaenda mpaka kwenye maboma ya wapiganaji, akapigwa risasi, akafa siku chache baadaye. Hapo Ozanam alizidi kuona ya kwamba mkate peke yake hautoshi. Yapasa pia kuuliza kwa nini mtu hana mkate, na kutafuta haki yake. Upendo humfunga aliyejeruhiwa. Haki huzuia asijeruhiwe tena.

Nguvu zake zilikwisha mapema. Akafa mjini Marseille tarehe 8 Septemba 1853, sikukuu ya kuzaliwa Bikira Maria, naye ana miaka 40 tu. Tarehe 22 Agosti 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye Heri, katika kanisa la Notre-Dame mjini Paris, siku ambazo vijana wa dunia nzima walikuwa wamekusanyika katika mji ule. Sista Rosalie naye alitangazwa Mwenye Heri tarehe 9 Novemba 2003.

Basi, ndugu, turudi kwetu. Jubilei yetu imetukusanya tuyasifu matendo ya zamani, nasi tumeyasifu. Lakini yule kijana asiyeamini yungali amesimama mlangoni, naye atuuliza, leo je? Katika vijiji vyetu hakuna ngazi ndefu, ila wapo bibi wazee wasio na mtu wa kuwachotea maji. Zipo nyumba zinazovuja kwa kuwa mwenye nyumba ni mjane. Wapo wagonjwa hospitalini wasio na jamaa wa kuwaletea uji, na watoto yatima wasio na daftari.

Ninyi walimu, msiwafundishe vijana kujibu tu, wapelekeni wakaone. Ninyi wazee, vijana wakija na nia, msiwaulize wana fedha kiasi gani. Waonyesheni nyumba ya kuanzia. Nanyi vijana, msingoje kuwa wengi. Wawili wanatosha kubeba mtungi na tita la kuni. Nendeni kila juma, toeni kwa siri, na mkiwa wengi gawanyikeni, ili kitongoji cha mbali nacho kipate.

Mungu akitujalia, watakaoadhimisha jubilei ijayo watasoma habari za siku zetu. Na wasome kwamba tuliulizwa, nasi tukaondoka tukaenda.