Upepo na Njia Mbili za Uwanja wa Wilson, Nairobi

Mwaka 1929 Florence Kerr Wilson, mlowezi wa Kiingereza nchini Kenya, alianzisha kampuni ya Wilson Airways akisaidiana na rubani Tom Campbell Black, na uwanja wa ndege uliokuja kuwa makao ya kampuni hiyo, kusini-magharibi ya katikati ya Nairobi, ndio uliopewa jina lake mwaka 1962. Ndege za mwanzo, zikiwemo Gipsy Moth za kiwanda cha de Havilland, zilikuwa vyombo vyepesi vya mbao na kitambaa, visivyo na breki, ambavyo mkia wake ulikokotwa ardhini juu ya kipande kilichofanya kazi ya nanga. Chombo cha namna hiyo hakikuvumilia upepo wa ubavuni, yaani upepo unaokata njia ya ndege kutoka upande mmoja, kwa kuwa ulikisukuma kando na hata kuweza kuinua bawa lake wakati magurudumu yakigusa ardhi. Kwa sababu hiyo viwanja vya zama hizo, popote duniani, vilikuwa aghalabu mbuga pana ya majani, ambamo rubani alitazama soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaofungwa mlingotini, kisha akachagua mwenyewe mwelekeo wa kutua.

Kinyume cha nahodha wa jahazi, ambaye upepo wa omo humchelewesha na kumlazimu kubisha, rubani anayetua huutaka upepo umkabili usoni. Bawa hubebwa na mwendo wa hewa inayolipitia, si na mwendo wa ndege juu ya ardhi. Hivyo ndege inayohitaji kilomita 80 kwa saa ili isidondoke, ikikabiliwa na upepo wa kilomita 25 kwa saa, hugusa ardhi kwa mwendo wa kilomita 55 tu. Jambo hilo lina uzito zaidi Nairobi kuliko Mombasa, kwa kuwa Wilson upo karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kiasi kwamba ndege ileile hulazimika kutua kwa mwendo unaozidi ule wa pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi, na hivyo kuhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama.

Ndege zilipozidi uzito, majani na matope ya masika hayakutosha tena, na lami ilipokuja, uhuru wa kuchagua ulibaki katika mielekeo michache tu. Njia ya kurukia na kutua hupewa namba kwa kugawa nyuzi za dira yake kwa 10, na kila ncha ina namba yake. Wilson una njia mbili, 07/25 na 14/32, yaani moja inayotazama mashariki kwa kuegemea kaskazini, na nyingine inayotazama kusini-mashariki. Anayezijua pepo za nchi hii hataona ajabu, maana kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hufika Nairobi ikitoka upande wa kaskazini-mashariki, na katika miezi ya kusi upepo huelemea mashariki na kusini-mashariki. Asubuhi nyingi upepo huwa hafifu, hasa kati ya Juni na Agosti mawingu yanapotanda chini, na huamka jua linapoipasha ardhi moto.

Mpangilio wa kuingia uwanjani, unaoitwa mzunguko, nao ni zao la upepo. Rubani hupita kwanza sambamba na njia, upepo ukimsukuma kutoka nyuma, akiuona uwanja ubavuni mwake. Kisha hukata kona mbili za mraba na kujikuta ameikabili njia pamoja na upepo. Kwa kawaida kona hizo hukatwa kushoto, ambako rubani mkuu huketi, isipokuwa pale milima au makazi yanapolazimisha vingine. Wilson umebanwa: kaskazini kuna jiji, na kusini kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga hupendekeza kwamba njia za uwanja ziwezeshe ndege kutua angalau asilimia 95 ya wakati, na huweka kikomo cha upepo wa ubavuni kulingana na urefu: kilomita 19 kwa saa kwa ndege zitumiazo njia zisizofika mita 1,200, na kilomita 37 kwa zile zinazohitaji mita 1,500 au zaidi. Hapo ndipo tofauti ya viwanja viwili vya jiji hili inapoeleweka. Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958 na sasa ukiitwa Jomo Kenyatta, umetegemea njia moja ya zaidi ya mita 4,000, kwa sababu ndege kubwa hustahimili upepo wa ubavuni ambao ndege ndogo ya abiria wachache waendao Maasai Mara, au ya madaktari warukao wa AMREF, haiwezi kuukaidi; ndogo hizo bado zinahitaji njia ya pili.