Kabla ya Kusema Anaigiza

Matatu ya kutoka Kitale kwenda Bungoma hupita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, halafu Webuye. Niliipanda miaka minne, sanduku la bati katikati ya magoti, nikienda shule ya bweni ambayo sitaitaja. Nikiwa kidato cha pili, tumbo liliingia bweni letu. Walianza wawili, wakawa kumi, mpaka foleni ya choo usiku ikashinda ile ya githeri. Tulipewa Panadol na onyo: mitihani ni wiki ijayo, wacheni michezo.

Rafiki yangu tuliyekaa deski moja alilala sakafuni darasani. Mimi ndiye nilimwambia, "Wewe nawe, acha sinema." Usiku huo alibebwa hospitalini. Alipona, lakini aliporudi alihamia deski lingine.

Baadaye niliacha chuo, nikaanza kuandika, na kila nikipata nafasi nasoma kuhusu shule zilizougua. Maarufu kuliko zote ni ya Kashasha, karibu na Bukoba, Tanganyika. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule hiyo ya bweni ya misheni walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Wengine walipona kwa saa chache, wengine walichukua siku nyingi. Hakuna aliyekufa, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeshikwa.

Leo watu husimulia hiyo stori kama kichekesho. Mimi nilichoona ni kitu kingine: madaktari waliofika, Rankin na Philip, hawakuanza kwa kusema wasichana wanaigiza. Walipima damu. Walichunguza chakula. Ni baada ya kukosa kijidudu na sumu ndipo waliposema chanzo ni hofu na msongo unaoambukizana kati ya watu wanaoishi pamoja.

Kosa lilikuwa kwingine. Shule ilifungwa, wasichana wakarudi makwao, na siku chache baadaye kicheko kikazuka Nshamba, kijiji walikotoka baadhi yao. Huko watu 217 walishikwa. Shule ilifunguliwa tarehe 21 Mei, wengine 57 wakaanza, ikafungwa tena mwezi wa Juni. Kufunga geti kuliondoa wagonjwa machoni pa shule, lakini ugonjwa wenyewe ulipanda gari pamoja nao.

Sasa rudi huku kwetu. Ukifika Webuye, usiende Bungoma, shika barabara ya Kakamega, upite mji, utafika Mukumu. Mwezi wa Aprili 2023, shule ya wasichana ya Mukumu ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua. Wanafunzi kadhaa na mwalimu mmoja walifariki. Vipimo vilionyesha bakteria wa E. coli na salmonella, wale wanaoingia kwa maji na chakula kilichochafuka. Waziri wa Elimu, Ezekiel Machogu, alivunja bodi ya shule na kumhamisha mwalimu mkuu. Lakini matokeo hayo yalipotangazwa, wasichana walikuwa tayari wametawanyika makwao, kila mzazi akihangaika na hospitali yake.

Miezi sita baadaye, katika kaunti hiyo hiyo ya Kakamega, wasichana wa Eregi walianza kushindwa kutembea. Safari hii maafisa walielekeza kidole kwenye hofu ya pamoja, kama Kashasha.

Hebu fikiria wewe ndiwe mwalimu wa zamu asubuhi ya kwanza. Msichana wa Mukumu na msichana wa Eregi wamesimama mbele yako, wote wanasema, "Mwalimu, mimi ni mgonjwa." Kwa macho tu hutajua yupi ana bakteria na yupi ana hofu. Ukikisia vibaya upande mmoja, umesumbua maabara bure. Ukikisia vibaya upande wa pili, unazika mtoto. Hata yule mwenye hofu haigizi. Miguu yake imekataa kweli.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya shule ni kuamini. Halafu ipime maji, chakula na damu, iwaambie wazazi siku hiyo hiyo, na isifunge geti kabla ya kujua nani anaenda wapi na nani atamwangalia huko.

Mwaka jana nilikutana na yule rafiki yangu stendi ya Bungoma. Tulikunywa chai. Nilimwomba msamaha kwa lile neno. Alikoroga chai muda mrefu.

"Si wewe tu," akasema. "Mlivyosema wote, hata mimi nilianza kuamini naigiza. Ndiyo maana sikuomba msaada mapema."