Sanaa ya vilindini

Sanaa ya vilindini ni michoro na kazi za mikono zinazoonyesha viumbe wa maji yenye kina kirefu, kwa kawaida bahari. Kwa wachoraji wa Sumbawanga na uwanda wa juu wa Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kilindi cha karibu ni Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban meta 1,470, la pili duniani baada ya Baikal.

Hoja kwamba ziwa si bahari ni ya kweli, lakini haitoshi kulitupa kando kama mada ya sanaa hii. Yumo yavuyavu, *Limnocnida tanganyicae*, mwenye upana wa sentimeta 2 hivi, mwili mwangavu na minyiri myembamba ukingoni. Wamo pia konokono wenye makombe ya miiba. Viumbe hao walimfanya mwanabiolojia J. E. S. Moore, katika kitabu cha 1903, adai kuwa ziwa liliwahi kuungana na bahari, dai lililokataliwa baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni la kina chenyewe: chini ya meta 200 hivi hakuna oksijeni, na samaki hawaishi humo. Samaki wenye taa mwilini, wapendwao sana na wachoraji, ni wa bahari. Mchoro wa kweli wa Tanganyika huacha vilindi vyake bila samaki, na kuyajaza maji ya juu, yenye zaidi ya spishi 200 za familia ya Cichlidae, karibu zote zisizopatikana kwingineko duniani.