Juu ya Istilahi ya "Mpito Usio na Mnururisho"

Wataalamu wa fizikia wana istilahi moja inayostahili kutazamwa na mwanafunzi wa lugha, nayo ni "mpito usio na mnururisho". Istilahi hii hutaja jambo kwa kile linachokosa, wala haisemi lina nini. Nakusudia kueleza kwa ufupi historia yake, ili tuamue itiwe vipi katika Kiswahili.

Asili ya habari hii ni chembe iitwayo myuoni, waliyoigundua Carl Anderson na Seth Neddermeyer huko Marekani mwaka 1936. Kwa kuwa ni nzito kuliko elektroni mara 207 hivi, na ni nyepesi kuliko protoni, mwaka 1938 waliiita mesotroni, yaani chembe ya katikati. Jina hilo likatumiwa pia kwa chembe aliyoitabiri Hideki Yukawa wa Japani mwaka 1935, ifungayo kiini cha atomu. Mwaka 1947 Conversi, Pancini na Piccioni wa Italia walitangaza majaribio yaliyobainisha ya kwamba hivyo ni vitu viwili mbalimbali. Basi jina moja lilikuwa limefunika mambo mawili.

Kosa kama hilo laweza kurudi katika istilahi yetu. Myuoni hasi inaponaswa na atomu hushuka ngazi kwa ngazi kuelekea kiini, na kila ngazi huacha nishati. Katika ngazi za juu nishati hiyo mara nyingi hupewa elektroni, nayo ikafukuzwa. Jambo la namna hii lilielezwa na Lise Meitner na Pierre Auger katika miaka ya 1920. Katika ngazi za chini nishati hutoka kwa eksirei. Hizo ndizo walizozipima Fitch na Rainwater mwaka 1953, wakaona ya kuwa viini ni vidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Lakini katika atomu nzito kama urani, hatua moja ya mwisho huacha elektroni-volti zipatazo milioni 6. Mwanafizikia Zaretsky wa Muungano wa Sovieti alieleza mwishoni mwa miaka ya 1950 ya kwamba nishati hiyo yaweza kuingia moja kwa moja katika kiini, kikasisimka, kikatupa nyutroni au hata kupasuka. Hapo eksirei zilizotazamiwa hupungua, na upungufu huo wenyewe ni ushahidi.

Mipito yote miwili, wa kufukuza elektroni na wa kusisimua kiini, haina mnururisho. Ila nishati imekwenda mahali pawili tofauti. Kwa hiyo naona yafaa istilahi ya jumla ibaki, na chini yake tuseme wazi: "mpito wa kufukuza elektroni" na "mpito wa kusisimua kiini". Msomaji atajua nishati imekwenda wapi, wala hataambiwa tu ya kwamba haikuonekana.