Mnong'ono wa Ngarambe na Simu za Mtwara

Husemwa kwamba mitandao ya kuunganisha watu imeletwa na simu. Kusini mwa Tanzania ipo habari ya kale inayotutaka tufikiri zaidi. Mwaka 1905, kabla Vita vya Maji Maji havijawaka, Wamatumbi walikuwa na njwiywila, yaani kupashana habari kwa siri, mdomo kwa sikio. Aliyetaka kuisikia alilipa pesa moja, akaambiwa kwamba huko Ngarambe yuko mtu mwenye dawa ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Mtu huyo alikuwa Kinjikitile Ngwale. Msikilizaji naye alikwenda kumnong'oneza mwenziwe.

Faida ya mnong'ono ule haikuwa ndogo. Makabila yasiyokuwa na mfalme mmoja wala jeshi yalishikwa na nia moja. Vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai, na kabla ya Agosti kwisha vilikuwa vimefika Masasi, katika mkoa wa leo wa Mtwara, misheni ya Kiingereza ya hapo ikateketezwa. Lakini habari iliyowakusanya watu ilikuwa na uongo ndani yake. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Habari yake haikunyongwa pamoja naye, bali iliendelea kuwapeleka watu mbele ya bunduki za rashasha. Wajerumani wenyewe walikadiria kuwa waliokufa, kwa vita na kwa njaa iliyofuata, walikuwa 75,000. Wanahistoria wengine hutaja idadi kubwa zaidi.

Miaka zaidi ya mia ikapita. Gesi iliyogunduliwa mwaka 1982 katika Ghuba ya Mnazi, karibu na mlango wa mto Ruvuma, ikaamuliwa ipelekwe Dar es Salaam kwa bomba. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu waliandamana Mtwara. Hawakuwa na hasira bure: mpango wa karanga wa Waingereza ulikwisha kuanguka, na reli yake ikang'olewa baada ya 1962, bandari tu ndiyo iliyobaki. Mwezi wa Mei 2013 karatasi zisizo na jina na ujumbe mfupi wa simu ziliwataka watu wafunge maduka, wasikilize bajeti ya Wizara ya Nishati. Ilisomwa tarehe 22. Siku ile ile nyumba zilichomwa, watu wakafa, na askari wa jeshi wakaletwa mjini.

Hapa pana tofauti ambayo naiona kuwa nzito. Aliyesikiliza njwiywila alimjua aliyemwambia, tena alitoa pesa yake. Aliyepokea ujumbe mwaka 2013 hakulipa kitu, na aghalabu hakujua umeanzia kwa nani. Kabla ya ujumbe ule, Januari 2013, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikuwa amefunga safari mpaka Mtwara kusikiliza.

Uvumi ulistawi kwa sababu mikataba ya gesi haikuwa wazi kwa wananchi. Asiyeonyeshwa hati huamini jirani. Dawa iliyotolewa ilikuwa nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoweka kifungo au faini kwa msambazaji wa habari za uongo, ilianza kutumika Septemba 2015. Mwezi uliofuata bomba likafunguliwa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, kutoka Madimba hadi Dar es Salaam.