Viwanja vya Dandora

Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za viwanja 6,000 hivi huko Dandora, mashariki ya Nairobi. Kazi ilikuwa ya Baraza la Jiji. Gharama za nyumba zilizokamilika zilipita uwezo wa maskini. Kwa hiyo Baraza liliazimia kumpa mtu kiwanja chenye maji, choo na bafu, pamoja na mkopo wa vifaa, vyumba ajijengee mwenyewe.

Shabaha ilikuwa njema, lakini nyumba mjini hazikutosha. Wengi waliogawiwa viwanja walivipangisha vyumba, nao wakakaa kwingine kwa kodi ndogo. Wengine waliwauzia wenye uwezo. Wala si haki kuwalaumu, kwani mara nyingi kodi ya mpangaji ndiyo iliyolipa deni na kujenga chumba cha pili. Baadaye maghorofa ya kupangisha yakasimama mahali pa nyumba zile. Baraza lenyewe lilikoma mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza.

Basi Baraza liliweza kukadiria bei ya kiwanja siku ya kukigawa. Bei ya kesho yake ilikadiriwa na uhaba.