Mafunzo ya usanifu wa tovuti na midia ya kidijitali nchini Ujerumani

Mafunzo ya usanifu wa tovuti na midia ya kidijitali nchini Ujerumani ni mafunzo ya ufundi stadi ya miaka 3 yanayomwandaa mtu kutengeneza tovuti, matangazo ya kidijitali na machapisho ya karatasi. Kazi inayofundishwa huitwa kwa Kijerumani Mediengestalter Digital und Print, maana yake "msanifu wa midia ya kidijitali na ya chapa". Ni moja kati ya kazi zaidi ya 320 zinazotambuliwa na serikali ya Ujerumani kuwa kazi za uanagenzi. Mwanagenzi hujifunza mahali pawili kwa wakati mmoja: kazini, kwa mwajiri aliyetia naye saini mkataba, na katika shule ya ufundi.

Kazi hii ilianzishwa rasmi mwaka 1998. Ilichukua nafasi ya kazi kadhaa za zamani za uchapaji, hasa ile ya mpanga herufi. Kwa sababu ya asili hiyo, mtu anayejifunza kutengeneza tovuti nchini Ujerumani bado hufundishwa maumbo ya herufi, nafasi kati ya mistari na rangi za wino, pamoja na lugha za kompyuta.

Historia

Upangaji wa herufi kwa vipande vya metali ulianza katika mji wa Mainz, ambako Johannes Gutenberg alikuwa akichapa vitabu mnamo mwaka 1450. Kwa zaidi ya miaka 400 baada yake, mpanga herufi alichukua kila herufi kwa mkono kutoka sandukuni na kuipanga kinyume, ili ikichapwa isomeke sawasawa. Mwaka 1886 mashine ya Linotype, iliyobuniwa na Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyehamia Marekani, ilianza kutumika katika gazeti la New York Tribune. Mashine hiyo iliyeyusha risasi na kutoa mstari mzima kwa mara moja. Hata hivyo ilihitaji fundi wa kuiendesha, na wapanga herufi waliendelea kuwa mafundi wenye heshima na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu.

Kompyuta ndiyo iliyovunja hali hiyo. Katika miaka ya 1970 iliwezekana kwa mwandishi wa habari kuingiza maandishi yake moja kwa moja kwenye mfumo wa uchapaji, bila mpanga herufi kuyagusa. Mwaka 1978 wafanyakazi wa uchapaji wa Ujerumani Magharibi waligoma kwa sababu hiyo. Mgomo ulimalizika kwa mkataba ulioagiza kwamba kwa muda wa miaka 8 kazi za kupanga maandishi kwenye kompyuta zipewe kwanza mafundi wa uchapaji wenye sifa. Mkataba uliwapa mafundi muda wa kujipanga, lakini haukuizuia teknolojia yenyewe. Mwaka 1985, kabla miaka hiyo 8 haijaisha, zilitoka printa ya Apple LaserWriter na programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, na ofisi ya kawaida ikaweza kupanga kurasa zake yenyewe.

Kisha ukaja wavuti. Tim Berners-Lee aliubuni katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa mtu yeyote anaweza kuutumia bila malipo. Makampuni ya kutengeneza tovuti yalianza kuhitaji wafanyakazi ambao hakuna uanagenzi wowote uliokuwa ukiwaandaa, ilhali vijana walikuwa bado wakiandikishwa kujifunza upangaji wa herufi.

Nchini Ujerumani kazi ya uanagenzi haianzishwi na wizara peke yake. Waajiri na vyama vya wafanyakazi hukaa pamoja na Taasisi ya Shirikisho ya Mafunzo ya Ufundi yenye makao yake Bonn, wakaandika kwa pamoja nini kifundishwe. Katika mazungumzo hayo kulikuwa na njia mbili: kuacha uchapaji ufe na kuanzisha kazi mpya kabisa ya tovuti, au kuunganisha vyote viwili. Ilichaguliwa njia ya pili. Kanuni ya mwaka 1998 ilikuwa na matawi 4: ushauri, usanifu, uendeshaji na ufundi wa midia. Mwaka 2007 matawi yalipunguzwa kuwa 3. Kanuni iliyoanza tarehe 1 Agosti 2023 ina matawi 4: usimamizi wa miradi, ubunifu wa dhana za usanifu, midia ya chapa, na midia ya kidijitali. Anayetaka kutengeneza tovuti kwa kawaida huchagua tawi la mwisho.

Mfumo wa mafunzo

Msingi wa kisheria ni Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 1969, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Mwanagenzi haombi nafasi shuleni bali kwa mwajiri, ambaye anaweza kuwa wakala wa matangazo, kiwanda cha uchapaji, nyumba ya vitabu au idara ya kampuni kubwa. Mkataba wao huandikishwa kwenye chemba ya eneo hilo, kwa kawaida Chemba ya Viwanda na Biashara. Kwa kawaida mwanagenzi huwa kazini siku 3 au 4 kwa wiki na shuleni siku zinazobaki. Katika baadhi ya maeneo masomo hukusanywa katika vipindi vya wiki kadhaa mfululizo.

Sheria haidai cheti chochote cha shule ili kuanza. Katika hali halisi wengi wanaopata nafasi wamemaliza sekondari ya juu na wangeweza kwenda chuo kikuu, kwa hiyo mlango uliowazi kisheria huwa mwembamba kwa aliyeacha shule mapema.

Mwanagenzi hulipwa posho kila mwezi. Tangu mwaka 2020 sheria inaweka kiwango cha chini: kilianza na euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza wa mafunzo, na kimeongezwa tangu hapo. Katika miji ya bei ghali kama München kiasi hicho hakitoshi kulipa kodi ya chumba, na wengi huendelea kukaa kwa wazazi.

Kila mwanagenzi huandika daftari la kazi, akieleza alichofanya na alichojifunza. Asiyekuwa nalo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Wengi huliona kuwa mzigo, lakini pia ni ushahidi: likionyesha miezi 6 ya kubeba vifurushi na kujibu simu, chemba inaweza kumwuliza mwajiri maswali.

Yanayofundishwa

Sehemu kubwa ya elimu ya wapanga herufi ilihamia kwenye skrini bila kubadilika sana. Kipimo cha em, kinachotumika katika lugha ya CSS kupima ukubwa wa maandishi, kilitoka kwa wapanga herufi. Nafasi kati ya mistari, ambayo leo huandikwa kwa namba, zamani iliwekwa kwa vipande vyembamba vya metali. Hata kukata maneno mwishoni mwa mstari bado ni somo, kwa kuwa neno refu la Kijerumani linaweza kuvuka upana wa skrini ya simu. Kivinjari kinaweza kulikata chenyewe, mradi ukurasa utaje umeandikwa kwa lugha gani. Jambo hilo linawahusu pia watengenezaji wa tovuti za Kiswahili: ukurasa wa Kiswahili uliotangazwa kuwa wa Kiingereza unaweza kusomwa na programu ya wasioona kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji asiambulie kitu.

Mambo mengine ni rangi (nyekundu, kijani na buluu kwa skrini; samawati, majenta, njano na nyeusi kwa wino), picha, HTML na CSS, mifumo ya kusimamia maudhui, kukadiria gharama, na kuzungumza na mteja. Tangu mwaka 2010, Ethan Marcotte alipoeleza njia ya kusanifu ukurasa unaojirekebisha kulingana na upana wa skrini, wasanifu wa tovuti wameacha kufikiria ukurasa wenye kipimo kimoja. Hapa ndipo elimu ya uchapaji hukwama, kwa kuwa karatasi haibadilishi upana wake mkononi mwa msomaji.

Sheria huchukua nafasi inayozidi kukua. Mwanafunzi hujifunza hakimiliki, wajibu wa kuonyesha jina na anwani ya mwenye tovuti, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Mfano unaojulikana sana ni hukumu ya mahakama ya München ya Januari 2022: mwenye tovuti aliamriwa kumlipa mgeni wa tovuti euro 100 kwa sababu ukurasa ulipakua fonti kutoka seva za Google na hivyo kupeleka anwani ya IP ya mgeni huyo bila idhini yake. Baada ya hapo wenye tovuti wengi walipata barua za madai, na kuweka fonti kwenye seva yako mwenyewe kukawa jambo la kwanza kukaguliwa. Tangu tarehe 28 Juni 2025 sheria inadai pia kwamba maduka ya mtandaoni na huduma nyingine nyingi kwa wateja ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo tofauti ya mwanga kati ya maandishi na mandharinyuma, ambayo kwa maandishi ya kawaida inapaswa kufikia 4.5 kwa 1, si suala la ladha ya msanifu tena.

Suala la programu zinazopitwa na wakati

Swali gumu kuliko yote katika mafunzo haya ni namna ya kuandika mtaala wa miaka 3 kwa kazi ambayo vifaa vyake hubadilika kila mwaka. Flash ndiyo mfano mzuri. Programu hiyo ilitoka mwaka 1996, na kwa miaka mingi tovuti zenye picha za kutembea, michezo na video ziliitegemea. Simu ya iPhone, iliyotoka mwaka 2007, haikuikubali. Mwaka 2010 Steve Jobs alieleza hadharani sababu za kuikataa, na tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia. Aliyejifunza Flash peke yake alibaki na ujuzi usio na soko.

Kanuni ya Ujerumani hujikinga kwa kutotaja programu yoyote kwa jina. Husema mwanagenzi ajue kutayarisha picha au kuunda kurasa shirikishi, na mwajiri ndiye huchagua kifaa. Faida yake ni kwamba kanuni haichakai haraka. Hasara yake ni kwamba ubora hutegemea mno mwajiri: aliye katika wakala mzuri hugusa mradi tangu mazungumzo ya kwanza na mteja hadi siku ya kuzinduliwa, na aliye kwingine anaweza kukaa miaka 3 akibadilisha bei kwenye matangazo madogo. Sheria inaruhusu waajiri wawili au zaidi kumfundisha mwanagenzi mmoja kwa pamoja ili kuziba mapengo hayo.

Mitihani

Maswali ya mtihani hutungwa na kamati kuu ya elimu ya uchapaji na midia iliyopo Kassel, na hutumika nchi nzima. Kusahihisha ni kazi ya kamati za chemba, ambamo wawakilishi wa waajiri na wa wafanyakazi huwa na idadi sawa, pamoja na walimu. Wote hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Mtahiniwa hupewa kazi ya vitendo inayofanana na agizo la mteja, na hujibu pia maswali ya maandishi.

Mwisho wake ni cheti kinachotambulika nchi nzima. Hata hivyo hakuna sheria inayomzuia asiye na cheti kujiita msanifu wa tovuti. Mhitimu hushindana na wahitimu wa vyuo vikuu, na waliojifunza wenyewe, na pia mifumo kama WordPress, iliyotoka mwaka 2003, ambayo humwezesha mfanyabiashara mdogo kupata tovuti kwa kuchagua kiolezo tu.

Kazi zinazokaribiana

Anayependa zaidi uandishi wa programu huelekezwa kwenye uanagenzi wa fundi wa teknolojia ya habari, ulioanzishwa mwaka 1997. Mwaka 2023 ilianzishwa pia kazi ya msanifu wa midia ya uhalisia pepe, ambayo nayo huchukua miaka 3. Austria ina uanagenzi wa mtaalamu wa midia wa miaka 3 na nusu. Nchini Uswisi msanifu wa midia shirikishi hufundishwa kwa miaka 4.